Mipango ya muda mrefu ya astronomia nchini Afrika Kusini

Mipango ya muda mrefu ya astronomia nchini Afrika Kusini ni mfululizo wa maamuzi ya serikali, wanasayansi na vyuo vikuu ulioanza katikati ya miaka ya 1990, wenye lengo la kuifanya nchi hiyo kuwa kituo kikubwa cha utafiti wa nyota katika nusutufe ya kusini ya Dunia. Matunda yake yanayojulikana zaidi ni darubini ya SALT iliyozinduliwa mwaka 2005, darubini ya redio ya MeerKAT iliyozinduliwa mwaka 2018, na kuchaguliwa kwa nyika kame ya Karoo kuwa mojawapo ya sehemu mbili za mradi wa kimataifa wa SKA.

Astronomia (pia: falaki) ni sayansi inayohitaji subira. Darubini kubwa huchukua miaka kumi hadi ishirini tangu wazo la kwanza hadi kazi kamili. Mtafiti naye huhitaji karibu miaka kumi ya masomo baada ya kumaliza sekondari. Nchi haiwezi kuamua mwaka huu na kuvuna mwaka ujao. Na nchi ambayo bado ina wananchi wengi wasio na maji ya bomba italazimika kueleza, tena na tena, kwa nini inatumia fedha kuangalia nyota. Afrika Kusini ni mfano unaofundisha kwa sababu ililijibu swali hilo kwa maandishi kabla ya kuanza kujenga.

Mazingira

Kitovu cha galaksi yetu, yaani Njia Nyeupe, hupita karibu na utosi kwa mtu anayeitazama kutoka kusini mwa Afrika, lakini kwa mtu wa Ulaya huonekana chini sana karibu na upeo wa macho. Vilevile Mawingu ya Magellan, ambayo ni galaksi ndogo zilizo jirani na yetu, hayaonekani kabisa kutoka sehemu kubwa ya nusutufe ya kaskazini. Nchi kavu katika latitudo hizo za kusini ni chache: Amerika Kusini, Australia na kusini mwa Afrika. Kila moja iko mbali na nyingine, hivyo nyota inayobadilika mwangaza ikizama upande mmoja huendelea kufuatiliwa upande mwingine. Bila Afrika kungekuwa na pengo.

Karoo ni uwanda wa juu, mkavu, wenye watu wachache. Mawingu ni kidogo, taa za miji ziko mbali, na milima midogo huzuia mawimbi ya redio ya miji. Faida hizi hazikutengenezwa na mtu. Mpango wowote unaweza kuzitumia au kuziharibu tu.

Wenyeji wa kale wa Karoo, Wasan wa jamii ya ǀXam, walikuwa na masimulizi mengi kuhusu anga. Mojawapo, lililoandikwa katika karne ya 19 kutoka vinywani mwa wazee wao, linamtaja msichana aliyerusha majivu ya moto juu, yakawa Njia Nyeupe ili watu waliochelewa waone njia ya kurudi nyumbani. Lugha ya ǀXam haizungumzwi tena.

Urithi wa ukoloni na apartheid

Uingereza ilianzisha paoneaanga pa kifalme huko Cape Town mwaka 1820. Shabaha kuu ilikuwa ya kibaharia: nahodha alihitaji saa sahihi na orodha sahihi ya nyota za kusini ili ajue meli yake iko wapi. Hapo ndipo Thomas Henderson alipopima mwaka 1832 na 1833 vipimo vilivyomwezesha kukadiria umbali wa nyota Alfa Centauri. Alichelewa kuchapisha hadi mwaka 1839, na Mjerumani Friedrich Bessel akamtangulia kwa nyota nyingine. Mwaka 1915 Robert Innes aligundua kutoka Johannesburg nyota Proxima Centauri, iliyo karibu nasi kuliko zote isipokuwa Jua.

Mafanikio hayo yalikuwa makubwa, ila mpango wenyewe ulipangwa London. Vivyo hivyo, mwaka 1961 shirika la Marekani la NASA lilijenga dishi lenye kipenyo cha mita 26 huko Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vya angani. NASA ilipoondoka katikati ya miaka ya 1970 dishi lilibaki, likageuzwa kuwa darubini ya redio. Wanasayansi wa nchi walipata kifaa kizuri kwa sababu mwenye nacho hakukihitaji tena.

Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hicho. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kupima eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia katika bahari karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Data zake zilikwenda Marekani. Kenya ilitoa mahali na jina.

Mwaka 1972 paoneaanga pa Cape Town na pa Johannesburg viliunganishwa kuwa taasisi moja, SAAO, na darubini zake zikawekwa karibu na mji mdogo wa Sutherland katika Karoo, kiasi cha kilomita 370 kutoka Cape Town. Darubini kubwa kuliko zote, yenye kioo cha mita 1.9, ilihamishwa kutoka Pretoria mwaka 1974 kwa sababu taa za jiji zilikuwa zimekwisha kuifunika anga. Darubini hiyo ilikamilika mwaka 1948. Miaka hamsini hivi baadaye bado ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, wakati ambapo huko Hawaii ilikuwa inatumika darubini ya Keck yenye kioo cha mita 10.

Waraka Mweupe wa 1996

Serikali ya kwanza iliyochaguliwa na wananchi wote iliingia madarakani mwaka 1994 ikiwa na ahadi za nyumba, umeme, maji na shule. Wanaastronomia wa nchi, ambao karibu wote walikuwa watu weupe, walikuwa na sababu ya kuhofu. Sayansi yao ilionekana kama anasa iliyoachwa na utawala uliopita, na vifaa vyao vilikuwa vimezeeka. Kuviacha vife polepole ingekuwa njia rahisi kabisa, wala haingehitaji tangazo lolote.

Waraka Mweupe wa Sayansi na Teknolojia uliotolewa mwaka 1996 ulichukua msimamo mwingine. Sehemu kubwa yake inahusu sayansi inayolenga ajira, afya na viwanda, jambo lililotarajiwa. Lakini uliongeza kwamba sayansi za msingi, astronomia ikiwamo, zisifutwe, kwa hoja kwamba nchi inayojikatalia maswali makubwa inajiweka yenyewe katika daraja la pili. Hoja hiyo haikusema kwamba darubini italipa gharama zake. Ilikuwa hoja ya heshima ya taifa, na kwa maoni ya wengi ndiyo iliyofungua mlango. Hoja za faida za kiuchumi zilifuata baadaye, na hizo ndizo zinazoleta ubishi hadi leo.

SALT

Mkurugenzi wa SAAO wakati huo, Bob Stobie, alikuwa na pendekezo tayari. Huko Texas ilikuwa imejengwa darubini ya Hobby-Eberly kwa usanifu wa bei nafuu: kioo kikuu hakiinuki wala hakishuki, kimeegemezwa kwa pembe moja, na kinaundwa na vipande vingi vinavyofanana. Badala ya kuusogeza mzigo wote wa kioo ili kuifuata nyota, chombo kidogo cha kupokea mwanga husogea juu yake. Darubini ya namna hii haiwezi kuona kila sehemu ya anga wakati wowote, na nyota hufuatiliwa kwa muda mfupi tu. Kwa upande mwingine, gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya darubini ya kawaida yenye ukubwa kama huo.

Serikali iliidhinisha ujenzi mwaka 1998 kwa sharti kwamba washirika wa nje wachangie sehemu kubwa. Walijitokeza vyuo vikuu na taasisi kutoka Marekani, Polandi, Ujerumani, Uingereza, New Zealand na baadaye Uhindi, huku Afrika Kusini ikibaki na takriban theluthi moja. Ujenzi ulianza mwaka 2000. Stobie alifariki mwaka 2002 bila kuiona imekamilika. Rais Thabo Mbeki aliizindua tarehe 10 Novemba 2005. Kioo chake chenye pembe sita, kinachoundwa na vipande 91 vya mita moja moja, kina upana wa takriban mita 11 kwa mita 10.

Kisha ikaonekana kwamba picha hazikuwa safi. Katikati zilikuwa nzuri, lakini kuelekea pembeni nyota zilitawanyika. Kosa lilipatikana katika sehemu inayoshikilia kisahihishi cha mwanga: chuma kilipotanuka na kusinyaa kwa joto na baridi kilivivuta vioo vidogo vya ndani na kuviondoa mahali pake. Sehemu hiyo ilibidi isanifiwe upya, na kazi kamili ya kisayansi ilianza mwaka 2011, yaani miaka sita baada ya sherehe. Jambo hili halitajwi sana katika vijitabu vya matangazo, lakini kwa mpangaji ni la maana kuliko utepe uliokatwa. Kama wahandisi wangekuwa wa kukodi na wangekwisha kurudi kwao, na kama bajeti ingeishia siku ya uzinduzi, Sutherland ingekuwa na kioo cha gharama kubwa kisichofaa. Mwezi Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana na mawimbi ya graviti yakanaswa Duniani, SALT ilikuwa miongoni mwa darubini za mwanzo kuchanganua mwanga wa tukio hilo.

Watu

Kabla ya ujenzi wa SALT uliandaliwa pia mpango wa manufaa ya kandoni: viwanda vya nchi kupewa zabuni, walimu kufunzwa, vijana kupata ufadhili. Ulikuwa na kasoro moja iliyo wazi. Mwanafunzi wa shahada ya juu katika astronomia alihitaji chuo chenye wahadhiri wa kutosha, na hakuna chuo hata kimoja kilichokuwa nao. Wahadhiri wachache waliokuwapo walitawanyika katika vyuo mbalimbali.

Suluhisho lilikuwa NASSP, programu ya kitaifa ya fizikia ya nyota na sayansi ya anga-nje, iliyoanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Badala ya kila chuo kuhangaika peke yake, wahadhiri wa vyuo na taasisi mbalimbali walikusanya nguvu wakafundisha darasa moja, na wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika wakapokelewa. Hapo likajitokeza tatizo la pili: wanafunzi waliotoka vyuo vilivyotengwa kwa watu weusi wakati wa apartheid walikuja na vyeti sawa na wenzao lakini hawakuwa wamefundishwa fizikia na hisabati kwa kiwango kile kile. Wengi walianguka. Programu ikaongeza kipindi cha maandalizi kabla ya masomo yenyewe. Hatua hiyo ilichelewesha takwimu nzuri ambazo wafadhili walizitaka, lakini iliwabakisha wanafunzi darasani.

Mtu anayetajwa mara nyingi katika habari hii ni Thebe Medupe, aliyekulia kijijini karibu na Mafikeng, akawa mwanafizikia wa nyota. Alionekana katika filamu ya Cosmic Africa ya mwaka 2003, akizunguka bara kuuliza watu wanavyoielewa anga, kisha akashiriki utafiti wa hati za kale za Timbuktu zinazohusu falaki.

Kuelekea SKA

SKA ni mradi wa darubini ya redio inayoundwa na antena nyingi zilizosambazwa mbali, zikiunganishwa na kompyuta zifanye kazi kama kifaa kimoja. Afrika Kusini ilitangaza nia ya kuwa mwenyeji mwaka 2003. Wachache nje ya nchi waliichukulia kwa uzito. Mwaka 2006 ikabaki na Australia katika orodha fupi.

Aliyeongoza kazi hiyo hadi mwaka 2015 alikuwa Bernie Fanaroff. Mwaka 1974 yeye na Julia Riley walipendekeza uainishaji wa galaksi za redio unaotumika hadi leo, lakini baadaye aliacha astronomia, akawa mratibu wa chama cha wafanyakazi wa vyuma, kisha akafanya kazi katika ofisi ya Rais Nelson Mandela akisimamia mpango wa ujenzi mpya wa nchi. Huenda uzoefu huo wa kujadiliana na waajiri na mawaziri ulikuwa na faida sawa na ujuzi wake wa galaksi.

Mbinu iliyotumika ilikuwa kutosubiri matokeo. Wakati ushindani unaendelea, nchi ilijenga darubini zake yenyewe hatua kwa hatua: kwanza dishi la majaribio huko Hartebeesthoek, kisha KAT-7 yenye madishi saba ya mita 12 katika Karoo, kisha MeerKAT yenye madishi 64, kila moja la kipenyo cha mita 13.5. Kama SKA ingekwenda kwingine, MeerKAT ingebaki. Jina lake ni mchezo wa maneno: kwa Kiafrikana "meer" ni "zaidi", na meerkat ni mnyama mdogo wa Karoo anayesimama wima akichungulia mbali.

Tarehe 25 Mei 2012 uamuzi ulitolewa: SKA igawanywe. Antena za masafa ya chini zikajengwe Australia Magharibi, na madishi ya masafa ya kati Afrika Kusini. MeerKAT ilizinduliwa tarehe 13 Julai 2018, na mwaka 2019 picha zake zilionyesha viputo viwili vikubwa vya redio, juu na chini ya kitovu cha Njia Nyeupe, ambavyo havikuwa vimeonekana kabla. Ujenzi wa SKA yenyewe ulianzishwa rasmi tarehe 5 Desemba 2022. Usanifu wake kwa upande wa Afrika Kusini ni wa madishi 197, MeerKAT ikiwa ndani yake, yakitandazwa hadi umbali wa kilomita 150.

Sheria ya 2007 na watu wa Karoo

Ukimya wa redio haulindwi kwa ahadi. Bunge lilipitisha mwaka 2007 sheria namba 21 inayompa waziri wa sayansi mamlaka ya kutangaza maeneo ya astronomia na kuzuia humo mitambo inayotoa mawimbi au mwanga. Karibu jimbo lote la Northern Cape limetangazwa, isipokuwa eneo la Kimberley. Karibu na madishi hata cheche za plagi za gari la petroli ni kelele, kwa hiyo hutumika magari ya dizeli, na mgeni huzima simu yake. Sheria hiyo ilipata kazi mapema, maana makampuni yalitaka kutafuta gesi katika miamba ya Karoo na kujenga mitambo ya upepo.

Gharama ya ukimya huo hubebwa na wakazi wa Carnarvon, Brandvlei, Vanwyksvlei, Williston na mashamba ya kati yake. Serikali ilinunua zaidi ya hektari laki moja za mashamba ya kondoo. Ufugaji ulipokoma humo, vibarua walipoteza kazi na maduka ya miji yakapoteza wateja. Mahali ambapo mtandao wa simu ulikuwa hafifu tangu mwanzo, mnara mpya haukuweza tena kutarajiwa. Wafugaji walilalamika pia kwamba mbweha waliongezeka katika ardhi isiyochungwa na kuvamia kondoo wa majirani. Ardhi hiyo ilitangazwa mwaka 2020 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Meerkat.

Kwa upande mwingine, mradi uliajiri mwalimu wa hisabati na sayansi katika sekondari ya Carnarvon, ukafunza mafundi wa umeme na wa kebo za faiba, na kuwapeleka vyuoni baadhi ya vijana wa mji. Kazi za ujenzi zilikuwa nyingi, kisha zikapungua ujenzi ulipokwisha. Mwenye kusoma ripoti za pande zote mbili huona kwamba hazipingani sana katika mambo yaliyotokea. Zinatofautiana juu ya nani alipaswa kuulizwa mwanzoni.

Nchi washirika

Pendekezo la Afrika Kusini lilihusisha nchi nyingine nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Wazo mojawapo lilikuwa kugeuza madishi ya zamani ya simu za satelaiti, yaliyokosa kazi baada ya kebo za faiba kufika chini ya bahari, kuwa darubini za redio. Ghana ilifanikiwa: dishi la mita 32 la Kuntunse, karibu na Accra, lilizinduliwa kwa kazi hiyo mwaka 2017. Kenya ina kituo cha namna hiyo Longonot katika Bonde la Ufa, kilichofikiriwa kwa matumizi hayo hayo. Vijana wa Kenya na nchi jirani wamekuwa wakipata mafunzo ya msingi ya astronomia ya redio kupitia mradi wa DARA unaofadhiliwa na Uingereza.

Tangu mwaka 2011 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia una ofisi mjini Cape Town inayoshughulikia matumizi ya astronomia kwa maendeleo, na tawi la Afrika Mashariki liko Addis Ababa, Ethiopia. Mkutano mkuu wa umoja huo ulifanyika Cape Town mwezi Agosti 2024, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Fedha za uendeshaji

Gharama ya kujenga darubini huonekana. Ya kuiendesha hujificha. Umeme, vipuri, mishahara na kompyuta za kuhifadhi data hudaiwa kila mwaka, kwa bajeti inayoshindana na ada za wanafunzi na deni la taifa. SKA imekusudiwa kufanya kazi kwa takriban miaka 50. Mkataba wake, uliotiwa saini Roma mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2021, unazifunga nchi wanachama kuchangia kwa makubaliano ya kiserikali, jambo linalofanya iwe vigumu zaidi kwa serikali moja kujitoa kwa ghafla. Darubini za kitaifa, kama zile ndogo za Sutherland na dishi la Hartebeesthoek, hazina kinga hiyo. Mwaka 2008 beringi kuu ya dishi hilo iliharibika, na dishi lilisimama hadi lilipotengenezwa mwaka 2010.